Mgeni wa Kutoka Mbooni

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili nilipopata kazi ya kukaa langoni katika bustani ndogo ya wanyama kando ya barabara ya Mombasa, karibu na Kiboko. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Tulikuwa na mbuni watatu, kobe kadhaa, mamba wawili na nyumba ya nyoka. Desemba mabasi ya watalii yalijaa mpaka nje. Mwezi wa sita hakuja mtu. Mwenye bustani alikwenda zake Nairobi akaniacha na mlinzi mzee ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka, kwa hivyo kutwa nzima sikuwa na wa kuzungumza naye. Kwetu Kitui kulikuwa mbali. Kuna asubuhi nilijikuta nikiwaamkia kobe.

Siku moja mwezi huo palikuwa na manyunyu na upepo wa kupenya mifupa. Nilikuwa nimejifunga leso mbili juu ya sweta nilipomwona mwanamke wa makamo akivuka barabara, kiondo mgongoni, mshipi wake kwenye paji la uso. Miguu ilikuwa imejaa matope. Alinisalimu kwa Kikamba, kisha akatua mzigo.

"Natafuta bwana yangu. Ndiye anachunga nyoka hapa. Mwambie mtu wa Mbooni amekuja."

Nilimjua bwana huyo. Alikuwa ameacha kazi tangu mwezi wa pili, na sote tulijua amehamia Mtito Andei kwa mwanamke mwenye hoteli.

"Ametumwa safari," nikasema. Uongo ulinitoka kabla sijafikiri.

"Atarudi leo?"

"Sijui, mwaitu." Ndivyo tunavyowaita mama zetu.

Aliomba basi awaone hao nyoka, maana mumewe alikuwa akiwasimulia watoto habari zao kila alipokuja likizo. Nikamfungulia. Baridi ilikuwa imewalaza wote. Chatu alikuwa amejikunja pembeni, vumbi mgongoni. Yule mama akagonga kioo kwa kidole.

"Huyu si amekufa?"

"Yuko hai. Kukiwa na baridi hasogei."

"Na anakula?"

"Anaweza kukaa miezi bila kula."

Akacheka kidogo. "Bwana yangu alisema anampa kuku kila Jumamosi. Nikafikiri, huyu nyoka anakula vizuri kuliko watoto wangu."

Nami nikacheka, mara ya kwanza wiki hiyo. Baada ya kucheka naye sikuweza tena kuushikilia ule uongo.

"Mwaitu, nimekudanganya. Aliacha kazi mwezi wa pili. Yuko Mtito. Ana nyumba nyingine huko."

Alibaki akimtazama chatu. Nilisikia manyunyu juu ya mabati.

"Barua yake ya mwisho ilikuwa na muhuri wa posta ya Mtito," alisema. "Nilitaka tu mtu aniambie kwa mdomo."

Akaketi kwenye benchi, akatoa maparachichi na mkebe wa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa pamoja na maharagwe. "Nilimpikia yeye. Kula."

Tulikula kwa kijiko kimoja, tukipokezana. Aliniuliza naishi na nani. Nikamwambia peke yangu, chumba cha nyuma. Akauliza kama mama yangu anajua.

"Anajua nina kazi."

Akanisukumia mkebe nimalize. Alipoondoka nilidhani ataelekea Mtito kumtoa mumewe. Lakini alisimama upande wa magari ya kwenda Nairobi, njia ya kurudi kwake, mpaka lori likamchukua. Nilikaa langoni nikitazama barabara mpaka giza likaingia.

Wiki tatu baadaye mume mwenyewe akatokea, koti limelowa.

"Mke wangu alikuja hapa?"

"Alikuja."

"Alisema nini?"

"Alikula, akaenda."

Akaegemea nguzo ya lango. Alisema amekwenda Mbooni akakuta nguo zake zote zimepelekwa kwa mama yake, zimefuliwa na kukunjwa, na watoto hawakutoka nje kumpokea.

Nilikuwa na maneno makali ya kumwambia, nilikuwa nimeyapanga tangu siku ile. Lakini alikuwa mtu wa kwanza kupita lango lile tangu Jumatatu. Nikamwambia aingie, nikaweka maji ya chai motoni.