Asubuhi Waliyoachana Bila Kusali

Habari za kifo chake zilinikuta Same mjini, nikichagua mchele sokoni. Rafiki yangu wa Vudee, kule milimani, mkulima wa maharage, alikuwa ameanguka shambani na hakuamka tena. Wasomaji wangu wamezoea kunisoma nikitetea hoja. Leo sina hoja, nina swali, na nimepanda nalo mlimani na kushuka nalo.

Yeye alikuwa Mlutheri, mkewe amelelewa katika Ukatoliki huko Chome, na wote wawili walikuwa wabishi. Nyumbani kwao, kabla ya kila mlo, mwenye hasira zaidi ndiye aliyesali, na ilikuwa lazima amwombee mwenzake. Niliwahi kuketi nao mezani ugali ukipoa, shemeji amenuna kwa sababu mumewe alimwahidi mdogo wake shamba la kando ya mfereji bila kumshirikisha. Mwishowe akafumba macho. "Bwana, mbariki huyu mume wangu. Leo sioni kwa nini, lakini mbariki." Mume akaitikia "Amina" kwa sauti iliyotikisa vikombe, nasi sote tukacheka. Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa mdogo wake kuifuta ile ahadi. Nikarudi mjini nikijiona nimeijua siri ya amani ya nyumba.

Msibani shemeji alinivuta nyuma ya jiko. "Shemeji, asubuhi ile tuligombana. Aliondoka hata chai hakunywa. Hatukusali. Sasa niambie wewe unayeandika, tumeachanaje?" Mchungaji alikuwa amehubiri vizuri, lakini sikukumbuka hata sentensi moja ya kumpa. Jirani aliyekuwa na marehemu shambani alitusikia, akasogea. "Mama, njia nzima alikuwa analalamika. Tulipofika akavua kofia, akasali. Alisema, 'Bwana, yule mwanamke amenichosha. Mtunze.' Ndipo akashika jembe." Shemeji akacheka, kisha kilio kikamzidi, akaketi palepale juu ya kuni.

Nimeteremka hadi Makanya na bado sielewi. Kama Mungu aliyasikia maombi yale, kwa nini asiwape jioni moja tu wakapatana? Tena sijui kama jirani alisema kweli au alimhurumia mjane. Sikuthubutu kumuuliza, na nadhani sitamuuliza. Nilichokuwa nakiita amani ya nyumba ile hakikuwa amani, maana waligombana mpaka siku ya mwisho. Ila katika miaka yote niliyowafahamu, sikumsikia hata mmoja wao akimtaja mwenzake mbele za Mungu na kumtakia mabaya. Basi kwa leo nashika hilo moja, nikiwa gizani kwa mengine yote: mtu tunayeishi naye tumwombee tukiwa bado tumemkasirikia, kwa sababu huenda hasira ikachelewa kuisha.