Majina Niliyoyaandika Mwaka wa Njaa

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, nikiwa na kalamu mkononi na njaa tumboni, nikaandika jina la Konsolata. Nilikuwa na mwandiko mzuri. Hilo ndilo lililoniponza.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kijiji chetu kilikuwa mbele ya Kasokola, na karibu kila nyumba ililima tumbaku. Mwaka ule wanunuzi hawakuja. Tulisubiri wiki, tukasubiri miezi, marobota yakaota ukungu ghalani, na mahindi nayo yalikuwa yamekauka kabla ya kubeba. Baba yangu, mtu wa kuamka alfajiri, akaanza kulala mpaka jua kali. Hakuwa mgonjwa, hakuwa na pa kwenda tu. Nisikilize hapo, maana ubaya wote ulianzia hapo, kwa watu wazima waliokaa barazani hawana la kufanya wala wa kumuuliza.

Ndipo akaja Madirisha, mtu wa siasa. Jina hilo tulimpa sisi kwa ajili ya miwani yake mikubwa. Viongozi wengine walikuwa wametuambia tuvumilie. Huyu alitugawia unga kwanza, halafu akatuambia nani ametutia njaa.

"Nyie ndio wenyeji," alisema, "halafu mnalala njaa wakati waliokuja juzi wana mihogo shambani. Hamuoni?"

Waliokuja juzi! Familia zile zilizotoka Burundi zilikuwepo pale kabla mimi sijazaliwa. Mihogo walikuwa nayo kwa sababu hawakupanda tumbaku shamba zima. Tulilijua hilo, kila mmoja wetu. Lakini ule mwaka ulikuwa umetuchosha, na kupata mtu wa kumlaumu kulitupa nguvu kama tumekula. Mimi nilishangilia mpaka sauti ikakauka.

Akaunda chama chake, akakiita cha wenye ardhi. Waliojiunga walipewa unga kila Jumamosi. Vijana waliokuwa wanazurura wakapewa fimbo na filimbi, wakaitwa walinzi, wakatembea vifua mbele. Baba akaanza tena kuamka mapema. Nilimshukuru Madirisha kwa hilo, sikufichi. Mimi nikapewa daftari.

"Andika kila nyumba isiyo ya hapa," aliniambia. "Ni kuwajua tu."

Kwa kina Konsolata ilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tulikaa dawati moja mpaka darasa la saba, na mama yake ndiye aliyeniuguza malaria wakati mama yangu yuko msibani Kabungu. Mama aliponikuta naandika, alisimama mlangoni.

"Na Konsolata umemwandika?"

"Ni kuwajua tu, mama."

"Kwani wewe humjui?"

Nikaendelea kuandika.

Wiki hiyohiyo walinzi walipita nyumba kwa nyumba, asubuhi kweupe, wakang'oa mihogo na kuchoma mapaa. Baba yake Konsolata alikataa kutoka. Walimpiga mbele ya watoto wake, akafa siku ya tatu. Nilikwenda kwenye maziko, nikasimama nyuma kabisa. Konsolata alinifuata mpaka nilipo. Mkononi alikuwa na ukurasa uliochanwa kwenye daftari langu, ambao walinzi waliupigilia msumari mlangoni kwao. Akaweka kidole kwenye ile K ya jina lake, yenye mkia niliokuwa naupamba tangu shuleni.

"Huu ni mwandiko wako," alisema.

Hakulia, hakunitukana. Aliukunja ule ukurasa, akaondoka nao, na jioni hiyo familia yote ikahama.

Mihogo yao tuliimaliza upesi. Mashamba Madirisha akawapa ndugu zake, na unga wa Jumamosi ukakoma. Baba alipouliza, walinzi walimkumbusha kwamba bibi yake alizaliwa Ufipa, si hapa, na kwamba daftari bado lina kurasa. Baba hakuuliza tena. Wanunuzi wa tumbaku walirudi mwaka uliofuata, kwa sababu zao wenyewe, ambazo hazikumhusu mtu yeyote wa kijijini kwetu.

Miaka mingi baadaye nilimkuta Konsolata sokoni Ilembo, anauza dagaa. Nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia," alisema, akamgeukia mteja mwingine.

Ndivyo ilivyoishia. Nimezeeka bila msamaha wake, na sina haki ya kuudai.

Sasa bei ya mahindi imeanguka tena, na nyie vijana mnakaa kijiweni mnamsikiliza kwenye simu yule mwanasiasa anayefoka kwamba wageni ndio wametutia njaa. Jana nilikuona unamwitikia kwa kichwa. Sikukasirika, mwanangu. Niliogopa, kwa sababu nilijiona mimi.

Basi shika haya. Anayekupa chakula na adui kwa mkono mmoja, muulize kwanza huyo adui alifanya nini, na usikubali kujibiwa kwa kelele. Ukiambiwa kazi yako ni ndogo, ni kuandika tu, ni kuonyesha nyumba tu, iache palepale. Na usingoje shibe ndiyo uwe mwema. Mimi nilingoja.

Mungu akujalie chakula, mwanangu. Na miaka atakayokunyima, akuweke karibu na watu wa kukuzuia, uishi bila kumwogopa jirani na bila jirani kukuogopa.