Shahidi wa Mashine ya Kumi na Mbili

Kabla hakujapambazuka nilisikia ta-ta-ta ya kibodi jikoni, nikajua mjukuu wangu ameshaamka.

Sikujua kwamba wiki hiyohiyo ningekamatwa na watoto wa darasa la saba.

Ndiyo. Bibi mzima, nilikamatwa na watoto wenye kompyuta nne. Kaeni niwasimulie.

Mjukuu wangu ni mwalimu, lakini bado yuko kwenye majaribio. Alhamisi ile mkaguzi angekuja kukaa nyuma ya darasa lake, na somo hilo ndilo lingeamua kama anathibitishwa kazini au anarudi nyumbani.

"Bibi, njoo unijaribie!"

Hiyo ndiyo kazi yangu. Kila somo la mtandao analotunga, mimi ndiye wa kwanza kulipitia, maana nasoma kwa kufuata kidole. Husema, "Mke mwenzangu, ukivuka wewe, darasa zima limevuka."

Masomo yake yako hivi. Anauliza swali moja ambalo jibu lake huwezi kulinakili popote. Kisha anawachagulia watoto kurasa chache tu za mtandao, na kila mmoja kwenye kundi ana kazi yake: huyu wa magazeti, huyu wa ramani, huyu hakimu.

"Nisipowachagulia kurasa," huniambia, "watazurura kama kuku waliofunguliwa banda."

Siku hiyo swali lilikuwa: *Kiwanda cha sare kilipoungua, nani alikuwa amefunga mlango wa nyuma?*

Nikalisoma tena, neno kwa neno.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa gazeti. Wa pili, ramani ya kiwanda. Wa tatu, maneno ya mashahidi, karatasi za zamani zilizowekwa mtandaoni na maktaba.

*Shahidi wa nne, mshonaji, mashine namba kumi na mbili: Nilimwona mlinzi akifunga mlango na kutia ufunguo mfukoni.*

Mshonaji huyo ni mimi.

Sikuona mlinzi wala ufunguo. Msimamizi wa kiwanda alinifuata nyumbani akaniambia, "Utasema hivi, au ukatafute kazi kwingine na tumbo lako hilo."

Nikasema.

Wenzetu wawili hawakutoka kwenye moto ule. Na mlinzi, kijana aliyekuwa akinipokea ndoo ya maji mimba iliponilemea, alifungwa miaka minne.

Miaka arobaini na sita sikumwambia mtu.

"Bibi, vipi huo wa tatu?"

"Haufunguki, mama."

Hakuhakiki. Kwa nini amshuku bibi yake? Akaufuta, akaandika: *Mashahidi mtawatafuta wenyewe.*

Alhamisi alisahau waya wa kompyuta. Nikampelekea.

Nilikuta darasa limevurugika.

"Oya, cheki hii gari!"

"Wee, achana na gari, tazama goli!"

Kundi moja lilikuwa kwenye mpira, jingine kwenye magauni ya harusi. Mkaguzi anaandika tu, hainui kichwa. Mjukuu wangu anazunguka, blauzi imemganda mgongoni kwa jasho.

"Rudini kwenye swali, jamani. Rudini kwenye swali."

Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya siku ile alipopotea sokoni akiwa mdogo.

Ningeweza kuuacha ule waya na kuondoka. Miguu ilitaka.

"Mwalimu," nikasema. Sikuwahi kumwita hivyo. "Ule ukurasa unafunguka."

"Bibi?"

"Unafunguka. Nilikudanganya."

Akachukua chaki. Kisha akaandika anwani ya ukurasa ubaoni, watoto wakaufungua. Kukatulia. Zikasikika kibodi tu.

Binti mmoja wa ramani, kalamu sikioni, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huyu shahidi kachemsha! Mashine ya kumi na mbili iko nyuma ya ukuta wa stoo. Mlango angeuonaje? Ana macho ya kutoboa matofali?"

Darasa likaangua kicheko.

"Kweli, mwanangu," nikasema. "Hakuona kitu. Najua kwa sababu shahidi huyo ni mimi."

Kicheko kikakatika.

Mtoto aliyekuwa hakimu akauliza polepole, "Na yule mlinzi, Bibi, ulimwomba msamaha?"

"Bado," nikasema. Jibu hilo nalo halikuwa la kunakili popote.

Mkaguzi hakumpitisha mjukuu wangu. Aliandika kwamba mwalimu hakuhakiki kurasa zake mwenyewe, lakini badala ya kumrudisha nyumbani akamwongezea miezi mitatu ya majaribio.

Siku mbili mjukuu wangu hakusema nami. Lakini kila asubuhi nilikuta chai yangu mezani, imefunikwa kwa kisahani isipoe.

Siku ya tatu akanipa kikaratasi.

"Maktaba wamemuuliza aliyewapa zile karatasi. Amekubali nikupe anwani yake."

"Ni nani?"

"Nenda ukaone."

Mlango ulifunguliwa na mzee mwenye mkongojo. Mlinzi.

Alinitazama usoni, kisha tumboni, kama vile miaka haijapita.

"Mtoto alizaliwa salama?"

Jamani! Hilo ndilo alilouliza kwanza.

"Salama. Binti yake ndiye mwalimu."

Akanivutia kiti. "Nilipotoka gerezani nilizisaka zile karatasi moja moja, na ramani ya kiwanda. Maktaba walipoanza kuweka mambo mtandaoni, nikawapelekea. Nilijua ipo siku mtu atahesabu mashine."

Nililia. Nikaomba msamaha. Alinimiminia maji tu, akanisogezea glasi.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na walioilipia ni wengine: kwanza mlinzi, halafu mjukuu wangu. Wewe unayesoma hapa, kama umeshika ukweli wa mtu, mrudishie mapema, kabla watoto hawajaja kuutafuta.

Nilipoinuka kuondoka, alinisindikiza hadi mlangoni.

"Sijasema nimekusamehe," akasema. "Nasema uje tena. Jumapili. Na yule mtoto wa ramani, uje naye."