Ufa Uliozibwa

Mama alitaka jambo moja tu: akifa, aombewe ndani ya kanisa la kijijini kwetu, lile la Waanglikana, kisha atolewe kwa mlango wa magharibi kama walivyotolewa wazazi wake. Alinieleza haya chumbani kwangu Gongoni, mjini Tabora, nilikomleta awe karibu na hospitali. Nikaitikia, "Sawa, mama." Ningesema nini? Kanisa lilikuwa limefungwa kwa kufuli tangu masika, na ndugu wote tulikuwa tumekubaliana asiambiwe.

Kijiji chetu kiko kwenye njia ya zamani ya misafara, ukitoka Tabora kuelekea Kaliua. Mzungu aliyelijenga kanisa enzi za ukoloni aliamini mji mkubwa utaota pale na askofu atakuja kukaa. Basi akajenga la kiaskofu kweli: mnara, matao ya mviringo, maboriti ya mninga juu kabisa, na nyuma ya madhabahu ukuta uliopinda nusu duara, kiti cha askofu kikiuegemea. Mji haukuota. Reli ilipita mbali kidogo, wafanyabiashara wakahamia stesheni, na askofu akawa anakuja kutoa kipaimara na kuondoka zake. Sisi tuliliita Kanisa Kuu hivyo hivyo, na wa kubisha abishe.

Kuta zilikuwa za matofali mabichi, nene kiasi kwamba utotoni nililala kwenye kingo za madirisha wakati wa mahubiri, mama akinifinya nikianza kukoroma. Nje zilisilibwa udongo na kupakwa chokaa. Kila kiangazi wanawake walisiliba upya, matope hadi viwikoni, huku wakiimba na kusengenyana. Mama alipokuwa mwenyekiti wa akina mama alichoshwa na kazi ile. "Nyumba ya Mungu itasilibwa kama banda la mbuzi mpaka lini?" Palikuwa na ufa mdogo upande wa kusini, naye akazunguka nyumba kwa nyumba na methali yake: usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wakatoa tumbaku, wakatoa asali, saruji ikanunuliwa, kanisa likapigwa lipu ngumu kuanzia msingi hadi juu. Loh, lilipendeza! Siku ya kulibariki mama alivaa gauni jeupe, akawa anaupapasa ukuta kama mtu aliyeletewa ng'ombe wa mahari.

Hakuna aliyejua kwamba ukuta wa udongo unapumua. Unyevu uliozoea kutoka wenyewe kila kiangazi sasa ulifungiwa ndani. Matofali yakalainika kimyakimya nyuma ya ile lipu nzuri, mwaka baada ya mwaka, mpaka masika haya ukuta wa nusu duara ukaporomoka na kukifukia kiti cha askofu.

Siku moja jirani wa kijijini akaja kumjulia mama hali, na kikapu cha karanga. "Mwangaluka, mayu," akamwamkia, na kabla hajakaa vizuri akaendelea, "Pole na kuumwa. Sisi siku hizi tunasali darasani, magoti yanagonga madawati!" Nilimtolea macho, lakini maji yalikwisha mwagika. Baadaye nilimfokea jikoni mpaka akalia, na wala sijutii sana. Mdomo gani ule!

Mama hakulia. Aliuliza ni ukuta upi, nikamwambia. Akauliza umeangushwa na nini.

"Mvua."

"Mvua imenyesha tangu enzi za mzungu," akasema. "Ni saruji yangu?"

Nilitaka kudanganya tena, badala yake nikaitikia kwa kichwa. Akajigeuza, akanipa mgongo. Jioni akaniita.

"Msiniingize. Watakuja watu wengi. Ukuta ukiwaangukia, nitamwambia nini Mungu? Niwekeni nje. Mlango tu ufunguliwe."

Alifariki kabla ya mavuno. Tulifunga maturubai, tukaweka jeneza mbele ya mlango wa magharibi. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, kaka yangu akaligonga kwa jiwe mpaka likaachia. Ndani palinuka popo na vumbi, na kule mwisho, palipokuwa na kiti cha askofu, tuliona mbingu tupu. Wanawake waliosiliba naye, sasa vikongwe, wakaanza kuimba. Sauti zao zikaingia mlangoni, zikazunguka kwenye matao, zikarudi zimechelewa kidogo, vile vile kama zamani. Nyimbo ziliingia, mama yangu yuko juani. Uchungu ukanipanda kichwani nikapiga kelele, "Mwingizeni! Hata hatua moja, jamani!" Mchungaji akanishika mkono. "Alikataa mwenyewe, dada."

Ni kweli, alikataa. Tukambeba kwenda makaburini kwa kulizunguka kanisa, tukapita upande wa kusini. Nikautafuta ule ufa wake. Ulikuwa umezibwa vizuri sana.