Msikilizaji wa Mto

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani, upande wa Mutomo. Nilipofika kwenye mto wetu miguu ikakataa. Mto wenyewe, rafiki yangu, ulikuwa mchanga mtupu; mbuzi walikuwa wamelala katikati. Mama mmoja aliyekuwa akivuka akaniuliza kama naogopa kuchafua viatu. Nilicheka naye, kisha nikavuka mbio. Acha nikueleze kwa nini. Sijawahi kulisema jambo hili sawasawa, na karatasi hii nimeichana mara nyingi nikitaka litoke bila kosa.

Nikiwa na miaka kama tisa nilikaa na nyanya yangu, tuliyemwita susu. Wakati wa kiangazi tulichota maji mchangani. Unafukua shimo la kina cha kifua, unaingia, maji yanachuruzika polepole, nawe unayateka kwa kata ya kibuyu. Mchanga wa chini ulikuwa baridi, ukinukia kama chungu kipya. Asubuhi nzima ungesikia kata zikikwaruza, na wanawake wakipashana umbea kutoka shimo hadi shimo bila kuonana.

Mvua ikinyesha mbali vilimani, mto ungeweza kushuka ghafla huku kwetu jua likiwaka. Kwa hiyo kila siku mtu mmoja hakuchota. Alikaa juu ya mwamba, upande maji yanakotokea, na debe tupu miguuni, kazi yake kusikiliza tu. Hakusuka kiondo, hakupiga soga. Wengine walimjazia mitungi yake kabla ya kujaza yao.

Nami nilikuwa mtoto wa kutaka kila kitu kiwe sawa. Maji yakiwa na vumbi kidogo, niliyamwaga nikangoja mengine. Siku hiyo nilikuwa nimeshamwaga mara tatu debe lilipolia kule mwambani. Wanawake wakachomoka mashimoni kama kumbikumbi. Jirani yetu akanipita akikimbia.

"Wee msichana, toka! Unangoja yachemke?"

"Bado kidogo! Hayajawa safi!"

Susu alikuwa akihangaika kumfungua punda wetu, aliyefungwa kwenye gogo lililozama mchangani. Fundo lilikuwa limekaza. Aliposikia jibu langu aliiachilia kamba, akaja, akaninyanyua kwa kola ya gauni hadi ikachanika. Tulikuwa tumeshika mizizi ya ukingoni maji yalipofika, rangi ya chai ya maziwa, yakisukuma matawi na mitungi. Punda alilia mara moja tu.

Nilingoja kipigo. Susu alihema, akakamua leso yake, akanitazama.

"Maji machafu tungechuja nyumbani. Wewe ningekuchuja na nini?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mimi nikalia.

Jioni tulikula muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, kama siku zote. Lakini kuanzia kesho yake susu alibeba maji mgongoni, ukanda wa ngozi ukimkaza kwenye paji la uso, ukamwachia alama aliyoondoka nayo duniani. Punda hakumtaja tena. Nami sikumwambia kwamba fundo lile nililifunga mimi asubuhi ile, nikalifungua, nikalifunga upya na kulikaza mara mbili, kwa sababu la kwanza halikunipendeza macho. Huenda alijua. Sikuuliza, na sasa nimechelewa.

Siku hizi kuna bomba sokoni, na wanaoshuka mchangani ni wachache. Safari hii niliwakuta vijana watatu wakifukua shimo, nikawauliza leo nani anasikiliza. Wakatazamana.

"Kusikiliza nini, dada? Si redio itasema?"

Ni kweli, redio iko. Hutaja mvua ya Nairobi, hutaja ya Mombasa. Mto wetu sijausikia ukitajwa hata siku moja, na juu ya mwamba hakuna mtu.