Niliambiwa nikodi kifua cha binamu yangu ndiyo niende Ghuba

Wakuu, habari za leo.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, siyo rafiki wa rafiki. Mwenye kubisha abishe, nipo hapa nitajibu.

Mimi ni binti wa Gatwekera, Kibera. Miaka ya nyuma niliugua TB. Nilimeza dawa mpaka mwisho, nikapimwa, nikaambiwa nimepona. Sioni aibu kusema. Aibu ni kuikimbia dawa.

Mwaka huu nikapata kazi ya usafi kwenye hoteli moja huko Ghuba. Passport ninayo, mkataba nimesaini, ilibaki medical, yaani vipimo vya afya, na visa.

Na ninyi mnatujua watu wa mtaa. Kwetu mtu anaagwa kabla visa haijatoka! Akina mama wa kanisa walijaa kwa mama, wakaimba, wakaiwekea suitcase yangu mikono na kuiombea safari njema. Suitcase yenyewe ilikuwa tupu, wakuu. Mama alilia kwa furaha, na mimi nikalia naye.

Baadaye ajenti akanipeleka kliniki fulani ndogo nipimwe kwanza kabla ya medical rasmi. Damu safi. Mkojo safi. X-ray ikaonyesha kovu kwenye pafu.

Nikauliza, kwani bado naumwa? Wakasema hapana, ni alama ya TB ya zamani tu, lakini nchi ninayoenda haitaki hata hiyo alama.

Ajenti hakushtuka hata kidogo.

"Siz, hiyo si noma. Tafuta mtu wa kwenu mnafanana, aingie X-ray na jina lako. Wasee hufanya hivyo kila siku."

Binamu yangu Akinyi, anayekaa Kawangware, kule stage ya 46, tunafanana kama mapacha. Nilipomwambia alikubali papo hapo. "Kifua yangu iko fiti, chukua tu. Ukifika huko utanikumbuka." Roho yake ni nzuri, simlaumu hata leo.

Aliyeniumiza ni mama. Nilipomwambia nasita, alikaa kitandani, akaniambia polepole, "Lakini watu walishakuombea. Sasa mimi nitawaambia nini?"

Wakuu, nilikasirika. Sikumkasirikia mama. Nilikasirika kwamba mwili niliouguza mpaka ukapona, sasa natakiwa kuuficha kama kitu cha wizi.

Nikarudi kliniki nilikotibiwa TB. Wakapima makohozi tena, yakatoka safi. Nikamweleza daktari mpango wa kumtumia Akinyi. Akacheka kwanza, halafu akaacha kucheka.

"Ukifika huko watakupiga X-ray tena kabla wakupe kibali ya kukaa. Huyo binamu utambeba kwa suitcase?"

Fikirieni hilo. Ningefika, nikamatwe na kovu langu, nirudishwe nyumbani na jina la udanganyifu juu.

Nikampigia ajenti, nikamwambia nitaingia medical rasmi na kifua changu.

"Basi utazeeka Kibera," akasema.

"Nitazeeka na mapafu yangu," nikamjibu, nikakata simu.

Nikaenda. Nikavua blauzi, nikasimama mbele ya mashine, nikavuta pumzi walivyoniambia. Barua ya daktari kwamba nimepona niliwapa. Hawakuitaka. Majibu yalitoka: unfit. Kazi ikaenda hivyo. Iliniuma sana, sitawadanganya.

Jumapili mama hakutaka kwenda kanisani. Nikamwambia twende, maneno nitasema mimi. Wakati wa matangazo nikasimama.

"Sikuenda Ghuba. Niliugua TB, nikapona, na wao hawataki mtu mwenye kovu. Mwenye swali aniulize mimi, asimsumbue mama."

Mama naye akainuka, nikadhani anatoka nje kwa aibu. Akaja mbele, akanishika mkono, akawageukia wale wenzake.

"Huyu ni wangu," akasema. "Na amepona."

Ninalowaambia wakuu ni hili. Kabla hujasaini mkataba, kabla hujaacha kazi, kabla hata hujaagwa, uliza nchi unayoenda inataka nini kiafya. Kila nchi na masharti yake. Zipo zinazokataa kovu, na zipo zinazotaka tu kujua kama unaumwa sasa hivi. Mimi nimeanza kuulizia hizo za pili. Chanjo ya homa ya manjano pia chomwa kweli, usinunue kadi ya vichochoroni, maana homa haisomi kadi.

Na wewe uliyewahi kumeza dawa za TB ukazimaliza, usikubali mtu akuite unfit ukainamisha kichwa. Wanaweza kukunyima visa. Kupona hawawezi kukunyima.

Wenye makovu wenzangu, wapi walikataa, wapi walikubali? Andikeni hapa chini, na majina yenu msifiche.