Dubu Aliyemkimbia Mama

Shemeji yangu ni dubu. Simtukani, ndiyo kazi yake. Yule dubu wa matangazo ya mablanketi, mwenye kofia ya kulalia, anayeonekana kwenye kalenda, kwenye mifuko, ubavuni mwa magari ya kampuni na kila jioni kwenye televisheni kabla ya taarifa ya habari, ndani yake yumo mume wa dada yangu, anatoka jasho.

Hakuomba udubu. Alikwenda kiwandani kutafuta kazi ya kupakia mizigo, na siku hiyohiyo dubu wa zamani alikuwa amezirai kwa joto mara ya tatu na kuacha kazi. Meneja wa mauzo akawatazama waliopanga foleni getini, akamchagua mrefu kuliko wote. "Wewe, vaa hii tuone." Nusu saa baadaye shemeji alikuwa bado amesimama, akaajiriwa. Wengine wanasomea miaka minne.

Tatizo likawa mwendo. Dubu halisi hakuna aliyewahi kumwona, si shemeji, si meneja, si fundi aliyeshona vazi lenyewe, ambaye alianza kwa kuliwekea mkia mrefu mpaka akakatazwa. Shemeji akatafuta kichwani mtu mzito, mpole na asiye na haraka, akamkumbuka baba yetu mdogo, ambaye aliwahi kumwona harusini, anavyoondoka mezani akishashiba: mkono mmoja kiunoni, miguu imetazama nje, na kila hatua ya tatu anasimama kupumua. Akamwiga vilevile. Siku hizi watoto wa nchi nzima wanatembea hivyo, na baba mdogo akiuona mwendo ule kwenye televisheni hucheka mpaka machozi, anasema mnyama huyu ana vituko. Hatujamwambia.

Masharti ya kazi yalikuwa matatu, yamebandikwa ndani ya kabati la vazi: dubu haongei, dubu havui kichwa mbele ya watu, dubu humkumbatia kila mteja. Kuvunja moja ni kufukuzwa.

Sasa mama. Ilipoletwa posa, mama aliuliza swali moja tu: kijana anafanya kazi gani? Dada hasemi uongo, ila ukweli anajua kuukunja. Akajibu, "Yuko kwenye matangazo, mama." Mama akaona ofisi, tai na kiti kinachozunguka, akakubali. Kwa miaka miwili shemeji akawa anakuja kwetu kila Jumapili na tai shingoni, anakaa ncha ya kochi, anaomba asiulizwe lolote. "Kazi ya kukaa kwenye kiti ndiyo inayomchosha hivi?" mama huniuliza jikoni. Na ukutani, juu kabisa ya kichwa cha shemeji, ilining'inia kalenda ya dubu, kwa sababu mama anampenda dubu yule kupita kiasi. "Huyu angalau mchangamfu," husema, huku akimtupia mkwe wake jicho. Ningecheka, lakini dada alikuwa akinifinya. Aliogopa kwamba mama akijua binti yake ameolewa na mnyama wa kalenda, heshima ya mumewe itakwisha na haitarudi tena.

Siku za mwizi ni arobaini, na zetu ziliishia Jumamosi moja kampuni ilipofungua duka jipya. Mama alisikia kwamba wateja mia wa kwanza watapewa mto wa bure na kupigwa picha na dubu. Saa mbili asubuhi tulikuwa kwenye foleni, mama mbele, mimi nyuma yake natafuta ugonjwa wa kuugua. Nilimpigia dada simu, hakupokea.

Dubu alikuwa jukwaani, kando ya rundo la mablanketi. Anamkumbatia mteja, mpiga picha anapiga, mto unatolewa, anakuja mwingine. Mama akapanda na nguo yake nzuri, akafungua mikono.

Dubu akarudi nyuma.

Nani amewahi kumkumbatia mama mkwe? Hata sebuleni kwetu shemeji humpa mkono kwa ncha za vidole, macho sakafuni. Mama akasogea hatua moja, dubu akarudi moja. Mama akasogea mbili. Wakaanza kulizunguka rundo la mablanketi, mama na mikono yake wazi, dubu na mwendo wake wa baba mdogo, ila sasa kwa kasi. Watu wakavunjika mbavu. Katika mzunguko wa pili mama akasimama, na nikaona uso wake umebadilika.

"Wote amewakumbatia," akamwambia meneja. "Mimi nina nini?"

Meneja akamsogelea dubu. "Mkumbatie mteja," akanong'ona, lakini kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake, tukasikia wote. "Mkumbatie, au vua hilo vazi uende nyumbani."

Nilimwonea huruma sana. Akimkumbatia, amekosa adabu mbele ya umati. Asipomkumbatia, kazi hana na mama ameaibika. Dubu akasimama, akapumua. Kisha akapiga magoti, mnyama mzima, akainamisha kile kichwa kikubwa mpaka kofia ya kulalia ikagusa viatu vya mama.

"Shikamoo, mama," ikatoka sauti mdomoni mwa dubu.

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu, maana shikamoo haiachwi bila kuitikiwa, hata itoke kwa mnyama. Halafu akainama kukitazama kile kichwa. Sauti ile anaijua, ndiyo inayomsalimia kila Jumapili kutoka ncha ya kochi.

"Kumbe dubu anaongea," mtoto mmoja akasema.

Meneja akainua kipaza sauti, na neno la kufukuza lilikuwa limeshafika mdomoni. Mama akamnyang'anya.

"Huyu amelelewa," akautangazia umati. "Heshima si utumwa. Picha yangu nataka hivihivi." Akaweka kiganja juu ya kofia ya kulalia, mpiga picha akapiga, watu wakapiga makofi. Meneja, ambaye si mjinga, akapiga makofi pia. Wiki iliyofuata kwenye sharti la kwanza kulikuwa na nyongeza ya kalamu: isipokuwa kwa wazee.

Jumapili shemeji akaja na tai yake, akakaa palepale. Mama akaleta jagi zima la maji, akaliweka mbele ya mkwe wake.

"Mkwe, humo ndani unakunywaje maji?"

Shemeji akatazama sakafu. "Kwa mrija, mama. Naupitisha puani."

"Pua yako?"

"Ya dubu, mama."

"Haya. Vua hiyo tai, unajinyonga bure."

Majuzi amekuja jirani mpya, akauliza mkwe wa nyumba hii anafanya kazi gani. Nikasubiri habari za ofisi na kiti kinachozunguka. Mama akanyanyua kidevu kuelekea ukutani, kwenye picha ya siku ile dukani, ambayo ameitundika kando ya kalenda.

"Yule pale," akasema. "Aliyepiga magoti."